Tarehe ya Barua

Miaka tisa keshia alikuwa kwenye dirisha la benki, na leo barua inamwita Meneja Msaidizi. Aliisoma mara mbili kwa furaha.

"Hongera, dada," meneja alisema, akimsukumia beji mezani. "Vaa sasa hivi. Wakaguzi wako mlangoni."

Pini ilimchoma kidole. Aliposogeza barua isidondokewe na damu, macho yake yakatua kwenye tarehe. Cheo kilikuwa kimeanza miezi mitatu iliyopita.

"Bosi, hapa wamekosea. Wakati huo kiti cha msaidizi kilikuwa kitupu. Mikopo yote uliipitisha peke yako."

"Hawajakosea." Meneja hakumtazama. "Na nyongeza ya mshahara ya miezi hiyo inakuja. Mkubwa ni jalala, dada. Utazoea."

Mlango ukafunguliwa. Wakaguzi wawili waliingia na mafaili ya mikopo, wakayatua mezani. Mmoja alifungua la juu, akaweka kidole mahali pa saini ya pili, palipokuwa peupe.

"Meneja Msaidizi ni nani hapa?"

Meneja alikohoa kidogo, akaitazama ile beji. Ilikuwa imeshika blauzi ya keshia kwa ncha tu, na pini yake haijafungwa.