Kaburi la Mgomba

Mgeni alipoinua mguu kuvuka kizingiti, mzee Bonaventure alimzuia kifuani kwa mpini wa jembe.

"Usiingie, mutoto. We iko na kaburi. Muntu mwenye kaburi haingiake mu nyumba."

Henri alirudisha mguu. Asubuhi ile alikuwa mtalii tu, kamera shingoni, aliyekodi mtumbwi wa Assumani kutoka Baraka aje kupiga picha za viboko kwenye mdomo wa mto. Sasa kijiji kizima kilikuwa kimesimama nje ya ua kikimtazama, wala hakuna aliyemsalimia.

Mambo yalianzia majini. Dume la kiboko liliibuka karibu na mtumbwi, likapumua kwa kishindo, na Henri akacheka cheko la hofu.

"Mnyama huyu na mimi tunajuana," alimwambia Assumani. Masista waliomlea kambini Kigoma, kabla hajapelekwa Kanada, walimsimulia kwamba wavuvi walimwokota ziwani wakati wa vita, baada ya kiboko kupindua mtumbwi wa wakimbizi. Majina ya wazazi wake hakuyajua.

"Humu kiboko alipinduaka mitumbwi mingi," Assumani alijibu. Lakini mdomo wake haukuwa na mfuniko. Kabla hajafunga kamba ufukweni alikwisha kuyamwaga yote, na mzee Bonaventure, aliyekuwa akishona wavu, sindano ikamponyoka.

Wakati wa vita hivyo mzee alikuwa Lulimba, akichimba dhahabu. Mkewe Georgette alikimbia kwa mtumbwi pamoja na mtoto wao wa pekee, Lionel, na kiboko akaupindua palepale, mbele ya mdomo wa mto. Mume aliporudi alimkuta mkewe peke yake katika kijiji kitupu. Nyuma ya nyumba palikuwa na kaburi dogo, limekwisha kufunikwa.

"Ziwa halikumurudisha," Georgette alimwambia. "Nilizika mugomba."

Ndiyo desturi. Maiti isipopatikana, shina la mgomba huvikwa sanda likazikwa mahali pake. Lakini desturi hiyo ina upande wa pili. Aliyezikwa hivyo akirudi hai, baba yake lazima alifukue shina kwa mikono yake na kulitupa ziwani, hata kama limebaki udongo, kabla mtu huyo hajavuka mlango. La sivyo, kaburi litadai mtu wake humo humo nyumbani.

Tangu hapo Bonaventure hakukubali mwanawe aitwe marehemu. Mgomba si mtoto, alisema, na kila mtumbwi uliotoka ng'ambo aliupokea yeye. Georgette naye, kila sikukuu ya wafu, alilipaka kaburi chokaa na kuliwekea maua. Majirani walimtania: "Mama Lionel, huo mugomba utazaa lini?"

Siku hii mzee alimwita mkewe kwa sauti ambayo majirani hawakupata kuisikia.

"Mama Lionel! Wakati niko Lulimba ulinitumia habari mutoto ameanguka, amebaki na kovu. Ilikuwa juu ya jicho gani?"

Georgette alitoka jikoni akifuta mikono kwa kitenge. Alimtazama mgeni usoni. Kisha akamtazama mumewe, ambaye midomo ilikuwa ikimtetemeka.

"Ya kushoto," alisema.

Kovu la Henri lilikuwa juu ya jicho la kushoto. Mzee alilia mbele za watu bila kuficha uso.

"Mzee, nadai kuku!" Assumani alipaza sauti. "Huyu alilipa kuona viboko, mi nimekuletea mutoto!"

Mtoni kiboko alikoroma, karibu na nyumba kuliko kawaida yake ya mchana.

Ndipo Bonaventure aliposhika jembe na kumzuia Henri mlangoni, na Georgette akabadilika rangi.

"Baba Lionel, uache. Ule mugomba ulioza zamani. Mutoto ameisha kufika, aingie akule."

"Na kaburi?"

"Kama linataka muntu, linikamate mi."

"Usiseme vile!"

"Mama, kama unaogopa," Henri alisema kwa Kiswahili chake cha kambini, "mimi nitalala mtumbwini."

Georgette alikwenda nyuma ya nyumba, akaketi juu ya kaburi, miguu ameinyoosha kama wanavyoketi wanawake matangani. Akina mama wawili walimvuta kando. Alishika pindo la suruali ya mumewe.

"Bona, kwa jina ya Mungu. Umeisha kumupata. Ubaki naye."

Mzee alimbandua vidole kimoja kimoja, kwa upole. Hofu ya wanawake, aliwaza, jioni atacheka.

Udongo ulikuwa laini. Henri alimpa Assumani kamera, akapiga magoti, akaanza kuzoa kwa mikono. Bonaventure alichimba huku akimweleza, mwepesi kama kijana: "Tutakamata wote wawili, we upande mumoja, mi mwingine. Tutupe mu ziwa. Halafu mama yako atatupikia majani ya sombe na samaki, utaingia kwa mulango kama muntu."

Jembe likagonga kitu.

Bonaventure aliinama, akapangusa udongo kwa kiganja, polepole. Henri aliacha kuzoa. Mzee aliinua macho kumtafuta mkewe, lakini Georgette alikuwa amekwisha kufunika uso kwa kitenge.

Mgomba hauna mifupa.