Kaptula ya Mzani

Chande aliingia kliniki na mwanawe Tamimu mgongoni, kamfunga kwa kanga ya marehemu mkewe. Ndiye mwanamume pekee kwenye foleni ya kupima watoto.

Mara ya kwanza, Tamimu alipovishwa ile kaptula ya turubai inayoning'inia kwenye mzani, alichomoka kwa chini, mwembamba kama mwiko, Chande akamdaka. Nesi Leokadia akamfundisha palepale kukoroga uji wa ulezi na karanga. Bi Mgeni, mama wa mapacha, akacheka mpaka akashika mbavu: "Uji wa mwanamume! Huyo mtoto atakula madonge."

Madonge yalilika.

Leo nesi aliishika kaptula, Chande akamshusha mwanawe taratibu. Miguu ikapita, magoti yakapita, mapaja yakakwama.

"Msukume, Baba Tamimu."

"Nasukuma, nesi. Haendi!"

Bi Mgeni akaja kusaidia. Akavuta huku, akavuta kule, mtoto akicheka kama anayetekenywa. Mwishowe akayaachia yale mapaja, akawageukia wenzake.

"Jamani, mtoto kaishinda kaptula!"

Kigelegele chake kikapokewa na baraza zima.

"Huyu apimwe mzani wa wakubwa," nesi akasema, akijifuta jasho. "Panda naye, baba, kisha tutatoa uzito wako."

Chande akamchomoa mtoto kwenye kaptula. Akamrudisha mwanawe mgongoni, akainama kwa uzito wake, akakaza fundo la kanga, akapanda mzani kichwa juu. Nyuma yao kaptula ilibaki kwenye ndoano, tupu, ikibembea.