Magunzi ya Panya Buku

Wazee wa panya husema shimo la mlango mmoja ni kaburi. Kwa hiyo Buku alichimba milango miwili, wa mbele wa kuingilia na wa nyuma wa kumkimbia nyoka. Ila kila takataka, hasa magunzi ya mahindi aliyokula, aliisukumia kule nyuma, akijiambia atasafisha kesho.

Mchwa, majirani zake, walimsihi, "Bwana Buku, hayo magunzi tupe sisi. Ni chakula."

"Nani ayabebe?"

Asubuhi moja nyoka Koboko akaingiza kichwa mlango wa mbele. Buku akakimbilia nyuma, akagonga magunzi yaliyoshindiliwa mpaka juu.

"Jirani zangu, kuleni!"

"Tunakula, Bwana Buku," walijibu kutoka upande wa pili. "Lakini haya ni ya mwaka mzima."

Nyuma yake magamba yalikwaruza udongo, taratibu, yakisogea.