Draiva Mbili kwenye Seva

Wazazi wenzangu, mtoto akishasoma msidhani kazi yenu imeisha.

Seva ya hospitali ilikuwa imegoma tangu asubuhi, na wagonjwa wamejaa kwenye foleni. Binti yangu, fundi wa hiyo seva, alikuwa mezani kwangu, simu yake kwenye spika.

"Nani kaacha draiva ya zamani pamoja na mpya?" bosi wake alifoka. "Programu ya Java inachukua ile ya zamani, data hazifunguki!"

Hizo draiva ni programu ndogo zinazounganisha seva na data. Jana tu nilimsikia binti yangu akijichekea: "Hii ya zamani naiacha humo humo, huwezi jua."

"Ni yule dada mliyemwajiri juzi," akasema sasa, bila kupepesa.

"Basi leo anafungasha virago."

Nilikuwa nachambua mchele. Punje moja ilininata kidoleni, nikabaki kuitazama hiyo tu. Uso uliniwaka kama vile nimesema mimi. Binti yangu akanitikisia kichwa: mama, nyamaza.

Sinia likaniponyoka. "Mama!" binti yangu akaropoka.

"Nini hicho?" bosi akauliza. "Kumbe mama yupo? Shikamoo, mama. Utusamehe kwa kelele."

Nikaisogelea simu.

"Marahaba, mwanangu. Hebu muulize tena huyu binti yangu."