Jamaa wa Pangoni

Mzee fundi cherehani aliwasalimia mara mbili, na mara zote mbili hakuna aliyeitikia.

"Hamjambo hapo?" akarudia, safari hii kwa sauti ya kumwamsha mgonjwa. Watu wale walikuwa wameketi kuuzunguka moto mdogo, kwenye ukumbi wenye kiza, na hakuna hata aliyegeuza shingo. Fundi akajisemea kwamba adabu imekwisha duniani. Akaivuka kamba moja iliyokuwa njiani bila sababu, akajipenyeza na kuketi kwenye gogo, kando ya bibi kizee aliyejigubika mpaka usoni.

Magoti yakamshukuru. Alikuwa amelizunguka jumba zima la makumbusho akimtafuta mkewe, toka kwa ndege waliokaushwa hadi kwenye mifupa ya nyangumi, na taabu yenyewe ni kwamba haoni. Miwani yake hukaa kwenye mkoba wa mkewe. Ndivyo walivyoishi tangu macho yalipoanza kumsaliti: fundi akitaka kushona, mkewe humtungia uzi kwenye sindano, akitaka kusoma, mkewe hufungua mkoba. Leo mkoba umeondoka na mwenyewe, na mwenyewe kaondoka kwa hasira.

Ulimi ndio uliomponza. Kwenye ukumbi wa wanyama watambaao walikuta gamba la kobe, kubwa kama beseni la kuogea. Mkewe alikuwa nyuma, akijikongoja na mguu wake mbovu. "Njoo upesi umsalimie ndugu yako!" fundi akampigia kelele mbele za watu. Watu wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka, maana alijiona hodari wa mzaha. Alipogeuka, mke hayupo.

Sasa binti yao angeweza kufika langoni wakati wowote kuwachukua. Yeye ndiye aliyewaleta, waone maajabu ya dunia na kufurahi pamoja uzeeni. Fundi alimjua mkewe: akinuna mpaka nyumbani, chai italetwa mezani wiki nzima bila neno. Afadhali kuchapwa viboko. Alitaka ampate kabla ya binti kufika, amwombe radhi. Ila kuomba radhi ni kazi ambayo hakuwahi kuifanya, wala hakujua inaanzia wapi.

Mara vikasikika vishindo vya wanafunzi.

"Simameni nyuma ya kamba," akasema mwalimu wao. "Hili ni pango la watu wa kale. Hizo ni sanamu za nta. Msiguse kitu."

Fundi akamgusa kwa kiwiko jirani yake wa kushoto, mwanamume mwenye ndevu. Mgumu kama meza. Kumbe muda wote alikuwa akizigombeza sanamu kwa kukosa adabu! Na akiinuka sasa, darasa zima litavunjika mbavu. Akakaza shingo, akatulia tuli.

"Baba, mama na watoto wawili," msichana mmoja akasoma kibao kwa sauti. "Mwalimu, mbona kuna babu na bibi?"

"Wameongezwa," mwalimu akajibu bila kusita. "Familia haikamiliki bila wazee."

"Na mbona babu amevaa koti?"

"Mapangoni kuna baridi."

"Lakini lina vifungo!"

"Haya, twendeni kwa vipepeo," akasema mwalimu.

Walipotokomea, fundi akashusha pumzi. Kicheko kikamtekenya tumboni, akatamani apate mtu wa kumsimulia kisa hiki. Na mtu aliyemjia akilini alikuwa mmoja tu. Hata harufu ya dawa yake ya kuchua akaisikia puani. Lakini goti la fundi nalo lilipakwa asubuhi kutoka chupa hiyohiyo, basi akaona inatoka kwake mwenyewe.

Akamgeukia bibi wa nta. Huyu angalau hana masikio.

"Bibi yangu, mimi na wewe tumeongezwa," akamnong'oneza. "Basi nikuambie jambo. Leo nimemwita mke wangu kobe. Na ule mguu aliuharibu kwa kukanyaga cherehani yangu, nilipougua macho, ili watoto wetu wasilale njaa. Mimi nikamcheka mbele za watu." Machozi yakamlenga. "Mjinga mimi. Bila yeye uzi hautungiki. Bila yeye, si unaona, nawapa salamu watu wa nta. Nikimpata nitamwambia anisamehe. Lakini nitaanzaje, bibi? Sijawahi."

Akakohoa. Akajaribu taratibu, kama apimavyo kitambaa kabla ya kukikata: "Nisamehe, mke wangu."

Akaona neno lenyewe halikuwa gumu kiasi hicho. Akalirudia, safari hii kwa sauti iliyonyooka: "Nisamehe, mke wangu. Nimekosa."

Bibi wa nta akavuta kamasi. Akafungua mkoba, akamwekea fundi miwani yake kiganjani.

"Haya, vaa," akasema. "Halafu mnyanyue kobe wako, mguu umekufa ganzi."