Kijiti Mkononi mwa Jokha

Kitendawili. Chembamba kama njiti ya kiberiti, kimelala chini ya ngozi, kinazuia nyumba isijae watu. Umeshindwa? Nipe mji. Haya, nimeshapewa Tanga, nakwambia: ni kijiti cha uzazi wa mpango, kile wanachokipachika wauguzi mkononi.

Abrar alikigusa akimpaka Jokha hina ya harusi ya jirani. Alimshika juu ya kiwiko ili mkono utulie. Kidole kikapita, kikarudi. Akaiweka hina chini, akamwita kaka yake Haroub, mwenye nyumba.

"Njoo ushike mwenyewe."

Haroub akashika. Mkono wa Jokha ukabaki hewani, hina mbichi ikichuruzika.

"Mie nakulisha, nakuvisha, simu nimekununulia. We unanifichia uhuni ndani ya ngozi. Nani kakupeleka?"

Jokha akaukinga mkono kwa upindo wa kanga, hina isidondoke sakafuni.

"Mwanaume gani?"

"Hakuna mwanaume."

"Basi ulikipata sokoni, umeongezewa kwenye fungu la mchicha." Abrar akacheka puani. "Kila siku kichwa kinauma, naenda kliniki. Kumbe." Akaitupia jicho sketi ya shule iliyoanikwa dirishani. "Nilikwambia, Haroub. Hiyo shule itakuharibia nyumba."

"Nilitaka kukueleza," Jokha akamwambia Haroub. "Kila nikianza unaninyamazisha. Unasema hayo hayasemwi humu."

"Na hayasemwi."

Haroub akaingia ndani, akarudi na begi, akalibwaga miguuni pake.

"Taja jina. Ukimtaja, unabaki. Usipomtaja, magharibi ikukute kwa mjomba wako Chanika, na mlango huu uusahau."

Jokha alimjua Haroub. Jina likimtoka tu kinywani, mwenye jina ataumia kuliko yeye. Akainama, akaanza kupanga kanga zake kwa mkono usio na hina.

"Kwa mara ya mwisho," Haroub akasema, sauti imeshuka, na hapo ndipo alipokuwa wa kuogopwa. "Nani alikupeleka?"

Zipu ya begi ikakwama. Jokha akaivuta, haikwenda.

Pazia la chumba cha pili likasogea.

"Mama nilimpeleka mimi, baba," akasema binti yao Lujain, wa kidato cha tatu. "Siku anajifungua mtoto wa sita, wewe ulikuwa dukani. Damu niliifuta mimi."