Kalamu ya Birika

Elieth aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti la marehemu mumewe, akitafuta kalamu. Bila kalamu ile, chai hainyweki.

Birika la umeme alilowaletea binti yao kutoka Ujerumani lina plagi ya pini mbili za mviringo, na soketi zao pale Makole zinataka tatu. Miaka sita mzee alikuwa akichomeka kalamu kwenye tundu la juu ili matundu ya chini yafunguke, anaishikilia, Elieth anasukuma plagi. Binti aliwaambia wanunue adapta. Mzee akajibu kwamba kaitafuta Dodoma nzima, hakuna.

"Haya mama, sukuma," alikuwa akisema kila asubuhi, mabega yao yakigusana.

Leo vidole viligusa kitu kigumu kando ya kalamu. Adapta. Haijafunguliwa hata siku moja, nailoni yake imepauka kwa kukaa mfukoni.

Elieth aliketi kitandani, akaitazama mpaka macho yakajaa machozi.

Kisha akairudisha mfukoni, akachukua kalamu, akaenda jikoni. Akaichomeka kwenye tundu la juu.

"Haya baba," alisema, "shikilia."